Enzi ya barafu na maziwa yetu: mengi yameeleweka kinyume

Dhana: Ulaya ilipofunikwa na barafu, huku kwetu mvua ilizidi na maziwa yakafurika.

Kosa hili lilianzia kwa wataalamu. Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyechimba karibu na Ziwa Elmenteita, Kenya, miaka ya 1920, alipanga vipindi vya mvua kubwa vya Afrika Mashariki, na kwa muda mrefu vikaoanishwa na vipindi vya barafu vya Ulaya. Vipimo vya kaboni 14, vinavyokadiria umri wa mabaki ya kale, vilivyochapishwa mwaka 1972 vilivunja ndoa hiyo. Maziwa ya Nakuru na Elmenteita yalijaa kati ya miaka 10,000 na 8,000 iliyopita, wakati barafu ya Ulaya ilikuwa ikiyeyuka. Yalikuwa ziwa moja, uso wake ukiwa mita 180 hivi juu ya Ziwa Nakuru la leo. Palipo katikati ya mji wa Nakuru pangekuwa chini ya maji.

Baridi kali ilileta ukame. Miaka 21,000 iliyopita bahari zilikuwa na baridi zaidi, mvuke ukapungua, na pepo za mvua zikadhoofika. Mvua ilirudi kwa nguvu yapata miaka 15,000 iliyopita, kwa sababu dunia ilikuwa ikipata joto na mhimili wake, unaoyumba polepole kwa maelfu ya miaka, ulifanya jua la kiangazi cha kaskazini kuwa kali zaidi.

Angalizo kwa anayesoma tarehe hizi: hiyo 10,000 ya Nakuru na Elmenteita ni miaka ya kaboni 14, sawa na takriban 11,500 ya kalenda. Ukizichanganya, ziwa litaonekana limechelewa kujaa kwa miaka 1,500 hivi. Tena, makombe ya konokono wa maziwa ya magadi huweza kubeba kaboni ya zamani na kutoa umri mkubwa kupita kiasi.

Dhana: Ziwa Victoria ni kubwa mno kuweza kukauka.

Ni pana, lakini kina chake hakizidi sana mita 80, na maji yake mengi ni mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe. Mvua ikikatika, jua hulimaliza. Tope lililotolewa kwa mabomba marefu kwenye sakafu ya ziwa lilionyesha, chini yake, udongo wa nchi kavu wenye mizizi. Maji yalirudi yapata miaka 15,000 iliyopita. Kwa hiyo fulu wanaovuliwa Kisumu, jamii yenye spishi mamia, wamegawanyika kwa kasi ya ajabu tangu hapo, ingawa koo zao ni za kale zaidi.

Dhana: Barafu ya milimani iliyoyeyuka ndiyo iliyojaza maziwa.

Elgon na Mlima Kenya zilikuwa na barafu, lakini mito ya Makalia, Nderit na Njoro inayolisha Ziwa Nakuru hutoka nyanda za juu za Mau, ambako barafu haikuwepo.

Dhana: Tabaka jeupe la Kariandusi, karibu na Elmenteita, ni la ziwa lile lile lililounganisha Nakuru na Elmenteita.

Ni mabaki ya mwani wa ziwa la zamani zaidi, la takriban miaka milioni 1.