Kizimba Kwanza, Nyoka Baadaye: Namna ya Kuchagua Nyoka wa Kufuga Nyumbani

Mtu anayetaka kufuga nyoka nyumbani kwa kawaida huanza na rangi. Huona dukani chatu mchanga mwenye mabaka ya dhahabu, humnunua siku hiyo hiyo, kisha ndipo huanza kutafuta mahali pa kumweka. Sisi tunaotibu reptilia tunashauri mpangilio huo ugeuzwe. Pima kwanza nafasi uliyonayo, ujue kizimba chako kinaweza kushika joto kiasi gani na unyevu kiasi gani, halafu uchague nyoka ambaye maisha yake ya porini yanakaribiana na hali hiyo. Sehemu kubwa ya maradhi ya nyoka wa kufugwa, kuanzia homa ya mapafu na vidonda vya mdomo hadi gamba lisilovuka vizuri na tumbo lililoungua, chanzo chake ni kizimba kisichomfaa mnyama aliyewekwa humo.

Makala haya yanawahusu zaidi wasomaji wanaoishi katika nchi ambako ufugaji huu ni wa kawaida na una utaratibu wake, kama vile Uingereza, Ujerumani na Marekani. Kwa walioko Afrika Mashariki hali ni tofauti. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hivyo mtu asimkamate nyoka wa porini wala kumweka nyumbani bila kibali cha mamlaka husika. Nyoka wenye sumu, kama kifutu, swila na koboko, si wa kufugwa nyumbani na mtu yeyote, popote alipo.

Nyoka hategemei joto linalotengenezwa na mwili wake mwenyewe. Anasaga chakula, anapambana na vimelea na anajivua gamba kwa kuhamahama kati ya mahali penye joto na mahali palipopoa, na ndiyo maana kizimba kinachofaa huwa na pande mbili: mmoja wenye taa au kipasha joto, na mwingine usio nacho. Umbali kati ya pande hizo ndio unaowezesha tofauti ya joto kuwepo. Katika sanduku la sentimita 50 joto huenea kote, na nyoka anayehitaji kupoa hana pa kukimbilia. Kila chanzo cha joto kinapaswa kuunganishwa na kidhibiti joto, na taa iliyomo ndani izungushiwe wavu, kwa sababu nyoka anaweza kujilaza juu ya kitu cha moto kwa muda mrefu hata ngozi ikaungua.

Bado wapo wauzaji wanaodai kwamba nyoka hupenda mahali padogo, na kwamba kizimba kikubwa humtia hofu hadi akagoma kula. Dai hilo limewaumiza wanyama wengi. Kinachomtia nyoka hofu ni uwazi usio na maficho. Kizimba kikubwa kilichowekwa magome, matawi, majani na angalau maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande uliopoa, humpa utulivu anaoutafuta shimoni na bado humwachia nafasi ya kutambaa, kupanda na kujinyoosha. Vilevile si kweli kwamba nyoka hukua kulingana na ukubwa wa kizimba; akilishwa ipasavyo atafikia urefu wa spishi yake, hata kama kuta zinambana. Mwaka 1997 Ujerumani ilitoa mwongozo wa vipimo vya chini vya kufugia reptilia, ambao kwa nyoka hukokotoa urefu, upana na kimo cha kizimba kutokana na urefu wa mwili wa mnyama, na hutofautisha nyoka wa ardhini na wa mitini. Katika England na Wales, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamtaka mmiliki ampatie mnyama wake mazingira yanayomfaa na nafasi ya kuonyesha tabia zake za asili. Kwa maoni yangu, kipimo cha chini kabisa ni kwamba nyoka aliyekomaa aweze kunyooka mwili mzima, walau kwa mshazari wa sakafu. Sakafu ya sentimita 120 kwa 60 ina mshazari wa takriban sentimita 134, na ile ya 90 kwa 45 ina mshazari wa mita moja hivi. Ukizijua namba hizo mbili, tayari umeondoa spishi nyingi kwenye hesabu zako.

Mwenye nafasi ya sentimita 90 kwa 45 amfikirie kwanza boa wa mchangani wa Kenya, Eryx colubrinus. Huyu ni mwenyeji wa maeneo makavu ya Afrika Mashariki na Kaskazini-Mashariki, yakiwemo ya Kenya, Tanzania, Ethiopia na Somalia, na leo huzalishwa kwa wingi na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Dume mara nyingi hazidi nusu mita. Jike ni mnene zaidi na huweza kufikia sentimita 80. Hutumia muda mwingi akiwa amejifukia, macho tu yakiwa juu ya mchanga, akisubiri windo lipite. Kwake, kimo cha kizimba si jambo kubwa. Kinachohitajika ni kina cha matandiko, kisichopungua sentimita 10, na hewa kavu. Upande wa joto sehemu ya kuota joto ifike nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Hapa kuna hatari ambayo wafugaji wapya hawaioni mapema: mkeka wa joto uliowekwa chini ya kioo, ukifunikwa na mchanga mwingi, hukusanya joto chini, na nyoka huyu kwa maumbile yake hujichimbia kulifuata mpaka tumbo likaungua. Porini joto lake hutoka juani, na akizidiwa hushuka chini kujipoza. Kwa hiyo apashwe joto kutoka juu.

Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Wengi hufikia sentimita 120 hadi 150, hivyo anahitaji sakafu ya 120 kwa 60, na kwa walio warefu zaidi, kubwa kuliko hiyo. Ni mwembamba, ni mchangamfu, na hupanda kila tawi atakalopewa; kizimba chenye kimo cha sentimita 60 hakitamkalia bure. Sehemu yake ya kuota joto iwe nyuzi 30 hivi, na upande uliopoa uwe nyuzi 22 hadi 24, zisizo mbali na joto la kawaida la sebule nyingi za nchi za baridi. Urahisi huo ndio unaomfanya awafae wanaoanza. Upungufu wake ni utoro, kwani mwanya unaopitisha kichwa chake hupitisha na mwili, na mtoto wake huanza maisha akiwa mwembamba kuliko kidole cha mtu mzima. Kizimba chenye vioo vya kusukuma kikaguliwe hapa kwa makini, kisha kifungwe kwa kufuli.

Chatu wa kifalme, Python regius, ndiye anayenunuliwa sana na ndiye anayewekwa vibaya sana. Huishi kuanzia Senegal hadi Uganda, katika savana na kingo za misitu, na mchana hujificha kwenye mashimo ya panya na vichuguu. Kwa kuwa wengi hawavuki mita moja na nusu, watu humdhania kuwa rahisi. Ugumu wake ni unyevu: anahitaji hewa yenye unyevu wa asilimia 60 au zaidi, sehemu ya kuota joto yenye nyuzi 32 hivi, na upande uliopoa usioshuka chini ya nyuzi 25. Nyumba inayopashwa joto na mitambo wakati wa baridi huwa na hewa kavu mno, na tangi la kioo lenye mfuniko wa wavu huupoteza unyevu wote kupitia juu. Kwa spishi hii kizimba cha plastiki au cha mbao zilizozibwa maungio kinafaa zaidi kuliko tangi la kioo. Hali ikiharibika, gamba huvuka vipande vipande na nyoka huacha kula, ingawa hata mwenye afya anaweza kufunga kwa miezi kadhaa. Kimo nacho kina maana, kwa kuwa utafiti uliofanyika kusini-mashariki mwa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba madume hupanda miti, na kwamba nyoka wadogo hula ndege. Mnunuzi afikirie pia umri: mwaka 2020 jike mmoja katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mayai akiwa amekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60. Hakikisha umemnunua aliyezaliwa kwa wafugaji, kwa kuwa wale wanaokamatwa porini Afrika Magharibi hufika wakiwa wamechoka na wamejaa kupe na minyoo. Yeye na boa wa mchangani wote wamo katika Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kuwavusha mipaka kunahitaji hati.

Chatu wa Burma anayeuzwa akiwa na ukubwa wa mkanda wa suruali anaweza kupita mita tano. Hakuna kizimba cha sebuleni kinachomfaa, wala kinachomfaa chatu wetu mkubwa wa Afrika. Chatu wa Burma waliotupwa na wenyewe ni miongoni mwa chanzo cha chatu wanaozaliana sasa katika kinamasi cha Everglades, Florida, na mwaka 2012 serikali ya Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa chatu hawa. Chatu wa kijani wa mitini kutoka New Guinea yeye ni mdogo, lakini anahitaji kimo, vijiti vya kulalia na unyevu unaopanda na kushuka, na hafai kuwa nyoka wa kwanza wa mtu.

Spishi yoyote utakayoichagua, weka nyoka mmoja katika kizimba kimoja, na kabla hajafika kiwashe kizimba kikiwa kitupu kwa wiki mbili. Weka kipimajoto kila upande na kipima unyevu katikati, uandike vipimo asubuhi, mchana na usiku wa manane, bila kuacha usiku wenye baridi kali. Ukiona unyevu unashuka chini ya asilimia 40 na marekebisho ya mfuniko na matandiko hayaupandishi, basi mwondoe chatu wa kifalme kwenye orodha yako na mazungumzo na mfugaji yaanzie kwa boa wa mchangani.