Je, wajua? Kwa nini taasisi ya Kiswahili ilihamahama Dar, Nairobi, Makerere na Mombasa kabla ya kutulia Mlimani

Watu wengi wakisikia TATAKI, ile Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanadhani ni idara tu iliyozaliwa na chuo, kama idara nyingine yoyote pale Mlimani. Wazee wengine bado wanaiita TUKI, jina lake la zamani, na wengi wetu tumeijua kupitia kamusi tuliyobeba shuleni. Lakini taasisi hii ni kubwa kiumri kuliko chuo chenyewe. Chuo kimeanza 1961, yenyewe imeanza tarehe 1 Januari 1930, na katikati hapo imehama mara nne: ilianza Dar, ikaenda Nairobi 1942, ikaenda Makerere 1952, ikashuka Mombasa 1962, halafu ndo ikarudi Dar. Ofisi ya kukaa na maneno na vitabu, inahama hivyo kwa nini?

Kwa sababu haikuwa ya nchi moja. Ilikuwa kamati ya serikali nne za kikoloni kwa pamoja, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, kila moja inachangia hela na kila moja ina wajumbe wake. Sasa kitu cha watu wanne hakina kwao, kinakaa pale ambapo wenye maamuzi na wenye bajeti wamekaa kwa wakati huo, na wakihama nacho kinahama. Ukiifuata ilivyokuwa inahama unaona vizuri kabisa madaraka ya Afrika Mashariki yalikuwa yanaelekea wapi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1925 gavana wa Tanganyika, Donald Cameron, aliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam, na pale likatoka wazo kwamba vitabu vya shule vya nchi hizi viwe na Kiswahili kimoja, maana kila misheni ilikuwa inachapa kwa tahajia yake na lahaja yake, mtoto akitoka shule hii kwenda ile anakutana na maandishi mengine. Wamisionari wa UMCA waliokuwa Unguja walikuwa wameshachapa mengi kwa Kiunguja tangu enzi za Askofu Steere, wale wa CMS upande wa Mombasa walishika Kimvita, lahaja ya huko. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi hizi wakakutana Mombasa, na hapohapo Mombasa, nyumbani kwa Kimvita, ikaamuliwa kwamba msingi utakuwa Kiunguja. Sababu zilikuwepo, Kiunguja ndicho kilichokwenda bara na misafara mpaka Tabora, Ujiji na kule Manyema Kongo, na Wajerumani nao walishaendesha utawala wao Tanganyika kwa Kiswahili hichohicho, kwa hiyo kilikuwa kimeenea sana. Lakini wenye tenzi za miaka na miaka, watu wa Mombasa, Lamu na Pate, hawakuulizwa, na hili mimi naona ni jambo la kusikitisha hadi leo kwa sababu ushairi mkubwa wa zamani wa lugha hii umeandikwa kwa lahaja za kaskazini.

Basi 1930 Kamati ya Lugha ikafungua ofisi Dar, katibu wake wa kwanza akawa Mwingereza Frederick Johnson. Kazi ya kila mwaka ilikuwa hivi: mswada wa kitabu cha shule unaletwa, wanausoma neno kwa neno, wanarekebisha, ukipita unapewa ithibati ndo unachapwa. Wakawa wanatoa jarida lao, wanaorodhesha maneno mapya wanayoyakubali na wanajibu maswali ya walimu, na pia kulikuwa na mashindano ya insha kwa Waafrika. Johnson akatoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935, halafu zikaja zile kamusi kubwa mbili za Kiswahili na Kiingereza mwaka 1939, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Hizo za 1939 zilitumika vizazi na vizazi, hadi leo kuna watafsiri wanazo mezani.

Kitu kimoja lazima kisemwe wazi. Wajumbe wa mwanzo walikuwa wazungu watupu, maofisa wa elimu na wamisionari. Ilibidi ifike katikati ya miaka ya 1940 ndipo Waafrika wakaanza kuhudhuria vikao. Yaani zaidi ya miaka kumi watu wanaamua Kiswahili sahihi ni kipi bila mwenye lugha hata mmoja mezani, na ndo maana malalamiko ya watu wa pwani kuhusu Kiswahili cha vitabuni hayakuwa wivu wala ubishi, walikuwa na hoja. Baadaye mambo yakabadilika, Shaaban Robert naye akawa mjumbe, na mtu kama yule kukaa pale ilikuwa na maana kubwa.

Mwaka 1942 ofisi ikahamia Nairobi. Ni wakati wa vita, na Nairobi ndipo shughuli za pamoja za nchi hizi zilikokuwa zinaratibiwa, sekretarieti ya mkutano wa magavana ilikuwa huko. Kiswahili nacho kilikuwa kazini kuliko wakati wowote, kwa sababu askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walitoka kila kabila na lugha iliyowakutanisha kambini ilikuwa hiyo. Kipindi hiki sitakaa nacho sana, ila kuna jambo la 1948: ikaanzishwa East African Literature Bureau, shirika la kuchapa vitabu vya nchi zetu, na mzigo mwingi wa vitabu ukaelekea huko. Kamati ikapumua, ikapata muda wa kufanya utafiti wenyewe.

Ndo hapo Makerere inaingia, na kwangu hiki ndicho kipande kizuri zaidi. Makerere ilikuwa imepanda kuwa chuo kikuu kishiriki cha London mwaka 1949, chuo pekee cha ngazi hiyo Afrika Mashariki nzima, na tangu 1948 pale palikuwa na taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki. Ukitaka utafiti wa lugha na jamii miaka ile, pa kwenda ni hapo. 1952 kamati ikahamia Kampala, katibu akawa W. H. Whiteley, mtu wa isimu kweli, yaani sayansi ya lugha, na kazi ikabadilika sura. Badala ya kukaa ofisini kuhukumu miswada wakaanza kwenda kwa watu. Whiteley akaandika kuhusu Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga, na kuhusu lahaja na mashairi ya Pemba, mwenzake H. E. Lambert akashughulika na lahaja za Kivumba, Chijomvu na Chichifundi huko Mombasa na kusini mwa pwani ya Kenya, na vyote hivyo vikachapwa na kamati miaka ya 1950. Maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa wa karne ya kumi na tisa, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, nayo yalitolewa kama nyongeza ya jarida lao. Hebu fikiria: kamati iliyoundwa ili kuwe na Kiswahili kimoja, baada ya miaka ishirini na kitu inazunguka vijijini kuandika Viswahili vingine vyote kabla havijapotea. Huo ni ukomavu, na naamini bila kukaa ndani ya chuo usingetokea, maana serikali ilitaka vitabu vya shule tu, chuo ndicho kilichouliza watu wanaongeaje na kwa nini.

Halafu kuna hili la kushangaza, mwaka uleule wa 1952 Uganda ikaacha kukitambua Kiswahili kama lugha ya shule! Upinzani ulikuwa wa zamani, Kabaka Daudi Chwa alishaandika 1929 kupinga Kiswahili kuwa lugha rasmi Buganda, Waganda waliona Luganda yao inasukumwa pembeni na wakahofia kwamba Kiswahili kikishapita kitafuata kuunganishwa na Kenya ya walowezi. Woga wao ulikuwa na msingi kabisa. Kwa hiyo kwa miaka kumi kamati ya Kiswahili ilikaa juu ya kilima cha Makerere katika mji ambao shule zake hazikitambui, watafiti wanapanda gari au treni kwenda pwani kutafuta watu wa kuwauliza. Isingeweza kudumu hivyo.

Mwaka 1962 ikashuka Mombasa, angalau karibu na wenye lugha. Lakini Mombasa haikuwa na chuo kikuu, na wakati huohuo siasa zilishabadilika, Tanganyika imepata uhuru Desemba 1961, TANU imetumia Kiswahili kwenye mikutano yake nchi nzima, Nyerere mwenyewe anakiandika na kukitafsiri. Chuo kishiriki cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na 1964 kikahamia Mlimani. Mwaka huohuo wa 1964 kamati ikafungwa rasmi kama kamati ya nchi nne na ikawa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ndani ya chuo hicho. Uhamaji ukaishia hapo. Sasa ilikuwa na mwenyewe mmoja, na mwenyewe huyo alikuwa na serikali iliyohitaji kazi yake kila siku, mahakamani, bungeni, shuleni. Chuo kilipojitegemea 1970 ikaitwa TUKI, na 2009 ikaunganishwa na Idara ya Kiswahili kuwa TATAKI.

Baada ya kutulia ilifanya nini? Mimi ningetaja kwanza hati za kale. Miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani kutafuta tenzi na maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yaliyokuwa yamekaa kwenye makasha ya watu majumbani, mengine yakatolewa, mengine yakapigwa picha na kurudishwa, na mkusanyiko ukawekwa maktaba ya chuo Dar na orodha yake ikachapwa 1970. Karatasi pwani haiishi muda mrefu, joto, chumvi na mchwa, kwa hiyo kilichookolewa miaka ile ni mali isiyo na bei. Halafu likaanza jarida la Mulika 1971 kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, na lile jarida la zamani likaendelea kwa jina la Kiswahili. Na 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili kama ile ya 1935, tofauti ni kwamba safari hii walioitunga ni Waswahili na Waafrika Mashariki wenyewe.

Uganda nayo haikuishia pale. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na sasa tatizo lao kubwa ni walimu na vitabu. Vyuo vya Dar na Zanzibar vinaweza kusaidia, na vinapaswa kusaidia, ila ningependa sana kuona na Makerere yenyewe inarudi kwenye kazi hii, maana Kiswahili cha Uganda, kile cha kambini mwa askari, sokoni na mpakani, bado kinasubiri watafiti wa kukaa nacho kama walivyokaa na Kimtang'ata na Kivumba.