Chumvi ya bahari haitibu majitaka

Hapa Mtwara tumekua tukiambiwa bahari haichafuki, eti chumvi huua kila kijidudu. Si kweli. Chumvi hupunguza baadhi tu. Virusi na mayai ya minyoo vinaweza kudumu, na chaza, ambao hula kwa kuchuja maji, huvikusanya mwilini.

Kazi ya kuua vijidudu hivyo hufanywa na mabwawa ya kutibu majitaka. Kwanza tope hutuama. Kisha bakteria hula uchafu, mwani ukiwapa oksijeni. Bwawa la mwisho huwa na kina kifupi, ili jua lipenye na kuua vijidudu. Huchukua siku nyingi, si saa chache. Ndiyo maana inaniuma gari la kunyonya vyoo likimwaga kwenye mikoko: uchafu ule haujapita hata bwawa moja.