MDMA haifuti trauma, na sio hicho kilichofanyiwa utafiti

Nimeulizwa tena wiki hii, na safari hii na mtu wa kada yetu kabisa ya tiba ya akili, eti kuna kidonge Marekani kinafuta trauma, yani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, kwanini huku hatukileti. Kidonge chenyewe ni MDMA, ndo hiyo hiyo inayouzwa mitaani kama ekstasi. Nimechoka kujibu kwa voisi noti za dakika kumi kumi kwa hiyo leo naandika yote hapa.

Hakifuti kitu. Kumbukumbu inabaki palepale, na waliomaliza matibabu ukiwauliza wanakusimulia tukio lao vizuri tu. Mwenye PTSD, yani ugonjwa wa akili unaompata mtu baada ya tukio la kutisha, shida yake ni kwamba anakumbuka kana kwamba jambo linatokea sasa hivi, mlango ukibamizwa moyo unaenda mbio, mikono inatoka jasho, na taratibu anaanza kukwepa kila kinachomrudisha kule, barabara ile, harufu ile, mtu mwenye sauti kama ya yule. Tiba karibu zote zinazofanya kazi zinamtaka alisogelee lile analolikwepa, na hapo ndo wengi wanakatisha vikao na hatuwaoni tena. MDMA inamwaga kwa wingi serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo zinazogusa hisia na msisimko, homoni ya oksitosini inayojenga ukaribu inapanda, hofu inashuka, na mtu hapotezi fahamu, anaongea, na kesho yake anakumbuka alichosema. Kwa masaa machache anaweza kulitazama lile jambo bila kukimbia. Hoja nzima ya kitabibu ni hiyo.

Historia kwa ufupi: ilitengenezwa na kampuni ya Merck, Ujerumani, 1912, miaka ya 1970 wataalamu kadhaa wa Marekani wakaanza kuitumia kwenye tiba ya mazungumzo, 1985 serikali yao ikaipiga marufuku, mwaka uliofuata Mmarekani Rick Doblin akaanzisha MAPS, shirika la kutetea utafiti wa dawa za aina hii, na ndo hao waliosukuma tafiti za MDMA kwa PTSD.

Sasa naomba mpige hesabu na mimi. Kwenye zile tafiti kubwa mgonjwa anaanza na vikao vitatu vya maandalizi, kila kimoja dakika 90, hakuna dawa. Alafu kuna vikao vitatu vya dawa, kila kimoja kama masaa 8, vimeachana kama mwezi mzima, na baada ya kila kimoja kuna vikao vingine vitatu vya dakika 90 vya kuchambua yaliyotoka. Jumla ni masaa kama 42, na chumbani wapo wataalamu wawili muda wote. Dawa yenyewe mtu kaimeza siku tatu tu. Halafu mtu ananiambia "kidonge".

Na hicho kikao cha dawa msidhani ni sherehe. Mtu analala kitandani, macho kafunikwa, masikioni muziki, presha na mapigo ya moyo vinapimwa maana vyote vinapanda. Dozi ya kwanza ni miligramu 80 au 120, na baada ya saa moja na nusu hadi mawili anapewa nusu yake kama nyongeza. Muda mwingi ni ukimya. Anaongea akiwa tayari, analia, anarudi ndani, taya zinamkaza, wengine kichefuchefu. Wataalamu hawamvuti, wanasubiri.

Matokeo ndo haya. Utafiti uliochapishwa 2021 ulikuwa na watu 90, wa 2023 watu 104, na kwa wastani walikuwa wameishi na PTSD zaidi ya miaka kumi. Huo wa 2023, waliopewa MDMA asilimia 71 mwishoni hawakuwa tena na vigezo vya PTSD. Kila mtu ananitumia hiyo 71. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitumia namba ya pili, kwamba waliopewa plasibo, yani kidonge kisicho na dawa, na mazungumzo yale yale, masaa yale yale, ilikuwa asilimia 48! Karibu nusu ya watu ambao ugonjwa umewakalia miaka yote hiyo, wametoka bila tone la MDMA. Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kama ile nyingine, na ndo inayotuhusu zaidi sisi tusio na hiyo dawa.

Tuje kwenye linalonikera kuliko yote, suala la kufichwa. Utafiti wa dawa unataka mgonjwa asijue kapewa nini. Sasa niambieni, mtu aliyemeza MDMA, mboni zimepanuka, taya zimekaza, ghafla anahisi upendo kwa kila kiumbe, atashindwaje kujua? Na yule wa plasibo, aliyesubiri nafasi hii miezi na miezi, saa moja na nusu imepita hahisi kitu, naye anajua. Kwa hiyo kundi moja linabebwa na matumaini na jingine linavutwa chini na kukata tamaa, na ile tofauti ya asilimia 23 hivi ina vyote viwili ndani yake. Watafiti walijitahidi, wanaopima dalili walikuwa watu wa nje, wanamhoji mgonjwa kwa video bila kujua yuko kundi gani. Lakini anayejibu maswali ni mgonjwa, na yeye anajua. Mtu atasema wangewapa kundi la pili dozi ndogo ya MDMA ili wachanganyikiwe, hilo lilishajaribiwa kwenye tafiti za mwanzo na dozi ndogo ikaonekana inawaletea watu wahaka bila kuwasaidia, yani ingeifanya dozi kubwa ionekane bora kuliko ilivyo. Njia safi hakuna. Mimi naamini dawa inafanya kitu, ila ukinikaba nikutajie ni asilimia ngapi ya dawa na ngapi ya matumaini sina jibu, na anayekwambia analo anakudanganya.

Juni 2024 kamati ya washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipiga kura 9 kwa 2 kwamba ufanisi haujathibitishwa, na 10 kwa 1 kwamba faida hazijaonyeshwa kuzidi hatari. Agosti FDA ikakataa kuiidhinisha, ikataka utafiti mwingine mkubwa. Hapo mitandaoni wakaibuka wengine na "FDA imesema ni sumu". Haijasema hivyo. Imesema hamjathibitisha, na hayo ni mambo mawili tofauti. Australia tangu Julai 2023 madaktari wa akili walioidhinishwa wanaruhusiwa kuiandika kwa PTSD.

Lakini kuna jambo halikuwa la takwimu na mimi ndo linaloninyima raha. Kwenye utafiti mmoja wa awamu ya pili, yani zile tafiti ndogo za kabla ya hizi kubwa, huko Canada, wataalamu walivuka mipaka na mgonjwa, video zipo, na 2024 jarida la Psychopharmacology likaondoa makala tatu zilizohusika na data za kituo hicho. Mtu aliye chini ya MDMA anaamini aliyekaa mbele yake kupita kiasi, hofu inayomlinda imeshushwa kwa makusudi. Nani anamlinda? Huku tunahangaika hata kupata usimamizi wa kitaaluma kwa mazungumzo ya kawaida, tukiletewa hii kesho sijui nani atakaa kwenye kile chumba.

Na wanaodhani bila dawa hakuna kitu, waangalie kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Pale wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa kwa njia ya kusimulia maisha yao kwa mpangilio, wanaowatibu ni wakimbizi wenzao waliofundishwa, vikao sita tu. Matokeo yalichapishwa 2008, na asilimia 70 hawakuwa tena na PTSD ukilinganisha na asilimia 37 ya waliofuatiliwa tu bila tiba. Msizigonganishe na zile za MDMA maana wagonjwa na vipimo ni tofauti, ila msiniambie huku hatuna tiba.

Mwisho, kwa wale wanaoniuliza inbox namna ya kuipata. MDMA iko jedwali la kwanza, lile la udhibiti mkali zaidi, la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa dawa za kulevya wa 1971, na cha mtaani hujui kimechanganywa na nini, ukiwa na presha au shida ya moyo unacheza na uhai wako. Na kama unatumia sertralini, dawa ya sonona inayotumika pia kwa PTSD, usiiache kienyeji eti unajiandaa, kwenye zile tafiti watu waliachishwa taratibu chini ya daktari kwa sababu dawa hizo hupunguza nguvu ya MDMA. Ukiikatisha ghafla unapata kizunguzungu, usingizi unavurugika na dalili za PTSD zinaweza kurudi kwa kasi. Ongea kwanza na aliyekuandikia.