CRP imepanda: ndiyo kusema hatapona?

Karatasi ya maabara ya mgonjwa aliyevuja damu ndani ya ubongo ina mshale mdogo unaotazama juu, pembeni ya herufi CRP, yaani protini ambayo ini huitoa mwili unapochokozwa. Ndugu anaupiga picha, anautuma kwenye kundi la familia, na jioni haijafika hukumu imeshatoka: "Hapo hakuna mtu." Mshale wenyewe haujasema hivyo.

"CRP ikipanda ni maambukizi"

Si lazima. Damu iliyovujia ndani ya ubongo ni uchokozi tosha. Chembe nyekundu zikipasuka hutoa hemoglobini na madini ya chuma, seli za kinga za ubongo huamka, na ini huanza kumimina CRP ndani ya saa chache. Kilele huwa kama siku ya pili. Huo ndio mchochota, yaani mwili kujibu uchokozi, na hauhitaji mdudu yeyote.

Ila daktari hapuuzi, maana mgonjwa asiyemeza vizuri hupaliwa, na nimonia haiko mbali. Kwa hiyo saa ya kutoa damu ina uzito sawa na namba yenyewe. CRP ya juu siku ya pili ni jambo la kutarajiwa. Iliyoshuka, kisha ikapanda tena siku ya sita pamoja na homa, inataka kifua kipimwe.

"Utabiri unahitaji kipimo cha kisasa"

Kinachotajwa sana kwenye tafiti kinatoka kwenye kipimo cha kawaida cha damu: gawanya neutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu. Tisa kwa moja na nusu, unapata uwiano wa 6. Mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 1 na 3 hivi. Baada ya damu kuvuja, homoni za msongo hupandisha neutrofili na kushusha limfosaiti. Steroidi, dawa za kushusha mchochota, nazo hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo uliza kwanza dawa anazotumia.

"Namba mbaya, basi tena"

Hapa ndipo familia nyingi huumia bure. Ni kweli, tafiti zimeonyesha kwamba wenye uwiano mkubwa hufariki au kubaki na ulemavu zaidi kufikia siku ya 90. Lakini hizo ni habari za makundi ya watu, na hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa kuwa mpaka. Isitoshe, donge kubwa la damu huchochea mchochota mkubwa, hivyo kipimo mara nyingi kinarudia alichokwisha kukiona daktari kwenye picha ya CT. Alama za ICH (kifupi cha Kiingereza cha kuvuja damu ndani ya ubongo) zilizotolewa mwaka 2001, ambazo bado zinatumika, huangalia kiwango cha fahamu, umri wa miaka 80 na kuendelea, damu inayofika mililita 30, mahali ilipovujia, na kama imeingia kwenye vyumba vya maji ya ubongo. CRP haimo.

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 unashauri kutoharakisha maamuzi mapya ya kupunguza tiba kabla ya siku ya pili kamili hospitalini, kama mgonjwa hakuwa ameacha wosia wa namna hiyo. Naona ni ushauri wa busara: nafuu huja kwa miezi.

"Tushushe mchochota, atapona"

Lilijaribiwa. Utafiti wa Thailand uliochapishwa mwaka 1987 uliwapa wagonjwa deksamethasoni, aina ya steroidi. Vifo havikupungua, na maambukizi yakaongezeka. Mchochota huohuo ndio unaoleta seli za kusomba mabaki ya damu. Na ile diklofenaki, dawa ya maumivu, anayopenyezewa mgonjwa kimyakimya "ya kutuliza" inaweza kuzuia damu isigande sawasawa, kwa mtu ambaye juzi tu mshipa wake umepasuka.