Mwanasaikolojia mzuri, ila si wako

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Unamfahamu mwanasaikolojia mzuri?" Nami hujibu kwa swali, jambo linalowaudhi wengi: mzuri kwa lipi?

Mtu anayenawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, kwa hofu ya vijidudu, hahitaji wa kumsikiliza kwa upole tu. Anamhitaji aliyefunzwa kumsogeza hatua kwa hatua karibu na kile anachokiogopa, kisha kumsaidia atulie papo hapo bila kunawa. Msikilizaji hodari asiye na mafunzo hayo anaweza kumchelewesha miaka, na bado wakawa wanaagana kwa tabasamu kila wiki. Kwa hiyo anza na tatizo lako, halafu umtafute mtu. Uliza kuhusu usajili wake, mafunzo yake, na kama amewahi kuwahudumia wenye shida kama yako. Si utovu wa adabu. Ukihitaji dawa, anayeziandika ni daktari, hasa wa magonjwa ya akili. Kwingi duniani mwanasaikolojia na mshauri nasaha hawana ruhusa hiyo.

Hayo ndiyo mepesi.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kwamba ushirikiano wa mteja na mtaalamu wake una sehemu tatu: kukubaliana mnakoelekea, kukubaliana mtafanya nini ili mfike, na kuaminiana. Wengi hupima hiyo ya tatu peke yake. "Nimempenda, ananielewa." Sawa, lakini mnaelekea wapi? Wewe umekuja kwa sababu hulali usiku, yeye kila kikao anakurudisha utotoni. Huenda ana sababu nzuri. Basi akueleze, nawe uikubali au uikatae. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 295, ulionyesha kuwa ushirikiano huu ukiwa imara, matokeo ya tiba kwa kawaida huwa bora, hata pale mbinu za tiba zinapotofautiana. Uhusiano huo kati ya ushirikiano na matokeo si mkubwa wa kutisha, ila haupotei.

Tatizo ni kwamba kutopatana na mtu na kuumwa na ukweli vinafanana sana ukiwa umekaa kwenye kile kiti. Ukitoka kikaoni umechoka, au una haya kwa uliyoyasema, hiyo bado si dalili ya kuhama. Mimi humshauri mtu ajipe vikao vitatu au vinne, kisha afanye jambo ambalo karibu kila mtu hulikwepa: amwambie mtaalamu wake. "Wiki iliyopita uliponiambia vile, niliona hukunielewa." Halafu atazame. Akijitetea, akakugeuzia kosa, au akacheka kidogo na kupita, umeshajua. Akisimama hapo hapo, akauliza, akakiri panapostahili, mara nyingi kikao hicho ndicho kitakachowafungua. Mwanasaikolojia Jeremy Safran alitumia miaka mingi kuchunguza mipasuko ya namna hii na jinsi inavyozibwa.

Yapo yasiyohitaji mjadala, ondoka tu: kukutongoza, kukuingiza kwenye biashara yake, kukusimulia siri za wateja wengine. Na anayetumia nusu ya muda wako kuzungumzia ndoa yake, naye mwache.

Mimi mwenyewe nilishindwa mtihani huu. Nilipokuwa mwanafunzi nilimwacha mshauri wangu wa kwanza baada ya vikao vinne, bila kuaga, kwa sababu alikuwa akitazama saa ya ukutani. Sikumwambia. Pengine alikuwa akilinda muda wangu. Mpaka leo sijui. Wa pili, siku ya kwanza tu, aliniuliza kilichoniondoa kule. Nikamsimulia habari ya saa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na mimi nikikuudhi, nitajuaje?"

Nilikaa muda mrefu kabla ya kumjibu.