Wine haiigizi kompyuta, hujibu maombi

Wine ni programu inayowezesha programu za Windows kuendeshwa kwenye Linux. Ukijaribu kufungua faili ya .exe, yaani programu ya Windows, kwenye Linux bila msaada wowote, itagoma, na lawama zisiende kwa kichakataji. Maagizo yaliyomo ndani yake ni yale yale ambayo vichakataji vya Intel na AMD huyaelewa, uwe umeweka Windows au Linux. (Kwenye vichakataji vya aina ya ARM, kama vya simu nyingi, habari ni nyingine, huko unahitaji pia mfasiri wa maagizo kama Box64 au FEX.)

Kikwazo cha kwanza ni umbo la faili: Windows hutumia muundo wa PE, Linux hutumia ELF. Hicho ni chepesi. Kigumu ni kwamba programu haifanyi mengi peke yake. Kila mara huomba: nifungulie faili, nichoree dirisha, niongezee memori. Maombi hayo huyapeleka kwenye maktaba za Windows kama kernel32 na user32, ambazo Linux haina.

Wine hupakia faili hiyo ya PE, kisha huipa programu maktaba zenye majina yale yale, ila zimeandikwa upya ili zitimize maombi kwa njia za Unix, familia ya mifumo ambayo Linux huifuata. Mradi ulianza 1993, na toleo la 1.0 likatoka 2008. Siwashangai waliochukua miaka 15. Lazima waige hata kasoro za Windows, kwa sababu zipo programu zinazozitegemea bila waliozitunga kujua.

Kwa kuwa hakuna kichakataji kinachoigizwa, kasi haipotei sana. Hata gemu nzito huchezeka: DXVK hugeuza maombi ya Direct3D (njia ya Windows ya kuchora picha za gemu) kuwa ya Vulkan (njia inayofanya kazi pia kwenye Linux), na imo ndani ya Proton, toleo la Wine kwa ajili ya gemu ambalo Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, ililitoa 2018.

Ninachosisitiza kwa kila anayeanza: kila programu ipewe folda yake ya Wine. Usipoelekeza vingine, zote hurundikana kwenye ~/.wine, zikitumia drive_c moja (folda inayosimama badala ya diski C:) na rejista moja (hifadhi ya mipangilio ya Windows), na moja ikibadilisha maktaba, nyingine huharibika. Tanguliza WINEPREFIX=~/wine-hesabu kabla ya amri yako, basi, ili Wine itumie folda hiyo. Mambo yakivurugika, unafuta folda hiyo tu. Lakini usiidhanie kuwa gereza. Diski Z: huelekea kwenye mzizi wa mfumo wako, kwa hiyo kirusi cha Windows kinaweza kabisa kufikia nyaraka zako. Na usiendeshe Wine ukiwa root, akaunti yenye mamlaka yote ya mfumo.

Wine hugonga mwamba pale programu inapotaka kuingiza draiva yake kwenye kiini cha Windows, maana kiini hicho hakipo. Baadhi ya mifumo ya kuzuia udanganyifu kwenye gemu hufanya hivyo, na pia programu za vifaa maalumu vya USB. Kwa vifaa vya namna hiyo sihangaiki na Wine: naweka Windows kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta), naikabidhi mlango wa USB, na memori itakayoliwa na iliwe.